Rangi Ulizoniachia Katika Jicho la Kushoto

Jumanne, tarehe 8 Julai. Asubuhi ya baridi na ukungu. Mvua ya jana imeacha matone kwenye waya wa nguo, na nyumba ya jirani haionekani.

Mpendwa Baba Achieng',

Leo natakiwa hospitalini kwa jicho la pili. La kulia waliliondolea mtoto wa jicho mwezi uliopita, na daktari akasema la kushoto lisingoje sana. Binti yetu Achieng' amekuja tena kutoka Kisumu kunisindikiza, na tangu juzi ananiuliza swali moja: "Mama, tunaenda ama hatuendi?" Nimemwambia nitamjibu leo. Nakuandikia huku chai ikipoa, kwa sababu sijui mwingine atakayeelewa kwa nini mtu mzima anaogopa kuona vizuri.

Wewe ulisomea kufundisha sanaa. Wanafunzi wa somo hilo wakaisha, shule ikakupa jiografia, ukaifundisha mpaka ukastaafu. Lakini rangi hukuziacha huko. Ulikuja nazo jioni na kuziweka kwenye meza yangu, kati ya mashine ya kufuma na sweta za shule ambazo hazijashonwa mikono.

Nakumbuka ile rimu ya baiskeli. Uliifungia mabaki ya uzi wangu wa rangi saba, kuanzia nyekundu mpaka zambarau, ukanisimulia habari za Mwingereza wa zamani aliyejifungia katika chumba chenye giza. Aliuacha mwanga wa jua uingie kwa tundu dogo na kupita kwenye kioo cha pembe tatu, na ukutani zikatokea rangi. Akazihesabu saba, ulisema, labda kwa sababu alitaka zilingane na sauti za muziki, kisha akazipanga katika duara. "Sasa ukizizungusha zote pamoja, zinarudi kuwa nyeupe," ukasema, na ukaizungusha rimu kwa nguvu.

"Nyeupe iko wapi? Mimi naona maji ya kudekia."

"Angalia vizuri, Mama Achieng'."

"Hata nikifunga na kuomba, Baba Achieng', hayo ni maji ya kudekia."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanieleza kwamba uzi si mwanga. Mwanga ukiongezwa juu ya mwanga unazidi kung'aa, lakini rangi za kupaka na za uzi zikichanganywa zinafifia, na watu wenye elimu kubwa walibishana miaka mingi kabla ya kulielewa jambo hilo. Nilikuambia hao wangeniuliza mimi, nimeharibu maji ya kutosha kwenye beseni kwa kufua nyuzi zinazochuja rangi.

Jioni nyingine stima ilipotea. Uliwasha mshumaa karibu na dirisha, nje kukiwa na mwanga kidogo bado, ukasimamisha penseli juu ya karatasi. Vivuli viwili vikalala pale, kimoja cha rangi ya chungwa, kingine bluu kabisa. Ndipo ukaniambia kulikuwa na Mjerumani, mshairi, aliyemkasirikia yule Mwingereza. Kwake rangi haikuwa jambo la kupimwa kwa kioo tu. Jicho nalo lina kazi yake. "Karatasi haina bluu hiyo yote," ulisema. "Nyingine ni jicho lako linaiongeza." Tulikaa tukivitazama vile vivuli mpaka nje kukawa giza na bluu ile ikatoweka. Ugali tulipika kwa kuchelewa.

Halafu ukaja ule ukuta wa jikoni. Uliupaka mwaka wako wa mwisho, ukipumzika kwenye stuli kila baada ya mipako michache. Ulipomaliza uliniita.

"Umeonaje samawati yangu?"

"Samawati gani? Hiyo ni rangi ya uji."

"Uji!"

"Uji wa wimbi, tena uliomwagiwa maziwa."

Safari hii hukucheka. Jioni hiyo ukanisimulia habari za mchoraji mmoja Mfaransa ambaye macho yake yaliingia ukungu uzeeni. Bustani yake ilikuwa na kijani na bluu, lakini picha alizochora zikawa nyekundu na hudhurungi. Alipopasuliwa jicho, akalalamika kwamba sasa kila kitu ni bluu kupita kiasi. "Twende tukapimwe macho," ukaniambia. Nikakujibu kwamba cha kupimwa ni mkebe wa rangi, na tukaendelea kubishana kuhusu ukuta huo mpaka ulipolazwa.

Siku nilipotolewa bandeji niliingia jikoni kubandika chai. Ukuta ulikuwa samawati. Nilisimama mpaka maji yakakaribia kukauka sufuriani. Nikafunika jicho la kulia: uji. Nikafunika la kushoto: samawati. Nilirudia hivyo mara nyingi, Achieng' akadhani nina maumivu.

Tangu siku hiyo naishi katika nyumba mbili, na nimechoka. Nikiweka uzi wa maruni juu ya mashine, jicho moja linasema umeiva, lingine linasema umechomwa na jua. Kichwa kinauma kabla ya saa sita. Mama mmoja kutoka kijiji cha Ziwa alikuja kuchukua sweta za watoto wake, akanikuta nimefumba jicho moja, akauliza kwa upole kama nimepata kiharusi. Watu wananiambia nenda umalizane na hilo la pili, na kila mtu ana haki ya kushangaa kwamba naweza kusita.

Lakini wewe nikuambie. Katika wiki yako ya mwisho wodini, Achieng' aliniita kando na kuniambia, "Mama, midomo ya Baba imekuwa bluu." Daktari alikuwa ameshaliona hilo, hakuna lililochelewa. Mimi nilirudi kando ya kitanda nikakuangalia, na sikuiona bluu yoyote. Nilikuona na rangi ya chai ya maziwa, kama ulivyokuwa kila siku, hata ulipoacha kuongea. Wengine wote walikuona ukififia. Mimi peke yangu nilikuona mzima wa rangi mpaka dakika ya mwisho, na kati ya macho yaliyokuona hivyo limebaki moja. Wakilisafisha leo, hakutakuwa tena na mahali popote duniani ambapo mambo yanaonekana jinsi ulivyoonekana wewe. Hiyo ndiyo hofu yangu, na sikuweza kumwambia mtoto.

Jana jioni Achieng' alinipangia mkoba wa hospitali. Alitaka soksi nzito, akafungua droo yako na kutoa zile za sufi nilizozikunja mimi mwenyewe. Akazikunjua kitandani, akazilaza sambamba.

"Mama, hii ni nyeusi. Na hii ni nevi bluu."

Nikaziangalia kwa jicho jipya. Kweli. Zilikuwa jozi mbili tu za aina hiyo, moja nyeusi na moja nevi bluu. Jozi nyingine ndiyo niliyokuchagulia mimi siku ya mazishi, pamoja na suti.

Achieng' aliweka mkono mdomoni. "Kwa hivyo Baba..."

"Amevaa hivyo hivyo."

"Mbele ya askofu?"

"Viatu vilifunika."

"Mwalimu wa rangi! Wee Mama!" Akaanguka kitandani akicheka, na mimi nikacheka naye, kicheko cha kwanza cha kweli humu ndani tangu uondoke. Tulipotulia aliniuliza kama nina huzuni. Nikamwambia hapana, maana wewe ungewasimulia walimu wenzako hadithi hiyo mwaka mzima, na kila mara ungeongeza chumvi.

Baadaye nilikaa peke yangu nikatambua kwamba wakati nacheka nilikuona vizuri sana, na sikuwa nikitumia jicho lolote.

Kwa hiyo asubuhi hii nimemjibu Achieng'. Nimemwambia apige simu gari lije. Sina ujasiri wowote wa kukueleza. Nimechoka tu kufunika jicho ili nifanye kazi, na nimechoka kulinda rangi moja kama mtu anayelinda moto wa mshumaa kwa kiganja. Pumzika, Baba Achieng'. Mimi naenda.

Ila jana usiku nililipatia lile jicho la zamani nafasi yake. Nilipojilaza nilifumba la kulia mapema, nikaliacha la kushoto litazame peke yake: dari, kabati, upande wako wa kitanda, vyote vikiwa na rangi ya chai. Sikuliharakisha. Lilifumba lenyewe, saa tano na robo.

Mkeo,
Mama Achieng'