Njuga Kiunoni

Shoga, nimejifungia bafuni. Nimeumbuka!

Ile dansi ya tumbo ninayojifunza jioni kwenye gereji ya jirani, si unajua huku nyumbani nimewaambia ni mazoezi ya mgongo? Leo nimechelewa kutoka, nikavaa gauni juu kwa juu, nikakimbia. Mkanda wa njuga sikuuvua!

Nafika, mama mkwe na mashemeji wamejaa sebuleni. Naingia na sinia la chai: cheng! cheng! Nasimama, kimya. Nainua mguu: cheng!

Mume wangu: "Nini hicho?"

Nikajibu: "Funguo."

Funguo, shoga! Kiunoni!

Nikageuza na sinia langu hadi jikoni. Mama mkwe akainuka, akanifuata, akafunga mlango. Nikajua leo narudishwa kwetu. Akanitazama kiuno weee.

"Mwanangu, unatembea kwa mabega, ndiyo maana zinalia ovyo. Tumia nyonga."

Akashika meza, akatikisa nyonga MARA MOJA. Vikombe vikaitikia!!

Akaninong'oneza: kumbe ile kliniki ya magoti anayotuaga kila asubuhi ni gereji hiyo hiyo!

Akabeba sinia mwenyewe.

"Chai napeleka mimi. Wewe nenda kavue hizo funguo zako."