Siku Ile Mama Alijua Anachokifanya

Chumba cha nyuma, nyumbani kwa Mama
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu dada yako. U hali gani huko, na mkeo, na wanangu? Kile kifua chako kimepona? Sisi wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakula vizuri, ila mguu wa kushoto bado mzito. Jana jioni nzima aliniita kwa jina la marehemu mama mkubwa, nami nikaitika tu. Sikufichi hilo.

Sasa keti vizuri, mdogo wangu. Alhamisi nasimama mahakamani.

Unajua Mama alimuuzia chumba cha mbele Mama Vifungo, yule fundi wa cherehani aliyekipanga tangu Baba yu hai. Alisema anauza asije akamwomba mtu hela ya dawa. Kaka Bosi anadai mkataba ule ni batili kwa kuwa Mama hana akili timamu. Shahidi ni mimi, maana nilikuwepo walipotia sahihi.

Nilikwenda kwa yule wakili binti anayesaidia watu bure. Alinieleza taratibu kama mtoto: mahakama haitauliza tu kama Mama anaumwa. Itauliza kama saa ile anatia sahihi alielewa anachokifanya.

Na alielewa! Fundi alipoomba aongezewe kibaraza, Mama alimkata jicho. "Wewe! Umenunua chumba, hukununua na mahali pangu pa kuotea jua. Mwisho wako kizingiti!" Akataka mkataba usomwe tena. "Na msiruke maneno. Mimi naumwa, si mjinga." Tulicheka mpaka Mama Vifungo akajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

Juzi Kaka alikuja, akafunga mlango. "Sema tu siku ile alikuwa hajitambui. Chumba kikirudi, hiki cha nyuma nakuandikia wewe." Nisikudanganye, roho ilitamani. Nilipomweleza wakili, akatikisa kichwa. "Dada, makubaliano ya kusema uongo mahakamani si mkataba. Akikugeuka hutamdai popote, na jela unaweza kwenda wewe." Nikamuuliza, "Na mbinguni je?" Akacheka: "Huko mimi sina leseni."

Kumbe Mama naye aliyasikia ya Kaka, kuta zetu unazijua. Akanishika mkono. "Mwanangu, wakishaandika kwamba mimi sina akili, nani ataniuliza tena nataka nini? Si mtanihamisha kama kabati?"

Ndiyo maana nakuandikia. Kaka amenionyesha kiapo chenye sahihi yako, kwamba Mama hana akili tangu Baba afariki. Mdogo wangu, tangu mazishi hujakanyaga hapa. Umeyaona wapi? Najua ulitaka kujenga pale mbele siku utakaporudi, na naumia pamoja nawe. Lakini hukuapa mbele ya Kaka, umeapa mbele za Mungu.

Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu, posta haitawahi. Nakuomba umpigie Mama asubuhi, ndipo akili zake hutulia. La chumba usimgusie, msikilize tu. Ukiona ulichoapa ni kweli, kiache. Ukiona si kweli, mwambie wakili wenu akiondoe kabla ya Alhamisi.

Mimi nitasema yote mawili: kwamba siku nyingine Mama hanijui, na kwamba siku ile alijua.

Msalimie sana mkeo, uwabusu watoto. Shangazi anakusalimu, na Mama Vifungo pia, anasema hana kinyongo nawe. Mungu akufunike, akupe moyo wa kurudi nyuma pale inapobidi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kama Alhamisi tutakuwa pande mbili,

Dada