Kofia Iliyofika Bila Jina

Bwenini, Wisconsin
28 Novemba 1908

Kwa Baba yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na Mama. Mimi ni mzima, ila pua imepinda kidogo. Inanusa kama kawaida. Natumaini kikohozi chako kimepungua na wateja wa hatamu na matandiko ya farasi hawajakukimbia. Mwambie Mama keki ilifika, ikaisha kabla sijaionja, maana wenzangu hapa hawana haya.

Najua hupendi habari za mpira. Uliniambia kwamba watu wazima kukumbatia mpira kifuani na kuangushana matopeni ni wazimu, na kwamba tangu mtoto wa jirani avunjike shingo, hutaki kuletewa mwanao ndani ya sanduku. Ukasema nimalize msimu huu kwa kuwa nilishawaahidi wenzangu, kisha basi. Sijasahau.

Tulianza vibaya, tukashindwa mara tatu mfululizo. Nahodha wetu, Gus Hoelscher, alitukataza kunyoa ili nywele zikinge vichwa, na watu wa mjini wakawa wanatuuliza tutakatwa manyoya lini. Kisha tukaanza kushinda, hadi ukabaki mchezo mmoja, wa Sikukuu ya Shukrani, dhidi ya mahasimu wetu wa ng'ambo ya mto.

Siku mbili kabla, kikaja kifurushi kwa treni, kina jina langu, Emrys Pugh, hakina la mtumaji. Ndani mlikuwa na kofia ya ngozi nene, imejazwa manyoya ya kondoo. Gus alicheka hadi machozi, akawaita wenzake, "Hebu njooni mumwone Pugh, kavishwa sufuria!" Hata wapinzani uwanjani waliniuliza kama mama yangu anajua nimetoka na chungu chake. Niliivaa hivyo hivyo.

Dakika za mwisho tulikuwa sare. Nikapewa mpira, nikapenya katikati, watu watatu wakaniangukia na goti la mmoja likanipata kichwani. Nilisikia mshindo, Baba, na uzi wa kofia ukaachia. Nilipofumbua macho, mpira ulikuwa chini ya kifua changu, nyuma ya mstari wao wa goli. Tumeshinda! Gus akaja akaipapasa kofia, safari hii hakucheka. Aliniuliza fundi wake ni nani, maana timu nzima inazitaka.

Nilimjibu simjui. Wewe sikufichi: nilimjua tangu nilipoijaribu. Tundu la sikio la kushoto limekatwa chini zaidi na pana kuliko la kulia. Nani mwingine anajua sikio langu limekaa kombo tangu yule farasi wetu aliponiuma nikiwa mdogo? Ni wewe uliyelishona, kwa uzi wa matandiko, kabla daktari hajafika.

Asante, Baba. Hutaki nicheze, na bado ulikaa ukashona.

Gus anataka nirudi uwanjani mwakani, nami sijamjibu. Krismasi nitakuja na kofia, niiweke juu ya meza yako ya kazi, wala sitasema neno. Siku ya kuondoka nikikuta uzi wake bado umeachia, nitaitundika ukutani na kukushukuru vilevile. Nikiikuta imeshonwa, nitajua la kumjibu Gus.

Mbusu Mama kwa niaba yangu. Msalimie na yule farasi mzee, nimeshamsamehe.

Mwanao akupendaye,
Emrys