Kifaranga Nilichokuficha

Mwanangu Kabula,

Nakuandikia nikiwa kibarazani, kwenye kiti ulichozoea kuniketisha niote jua la asubuhi. Mkono wa kulia haujanitii sawasawa tangu kiharusi, na mwandiko huu ningeusahihisha kwa wino mwekundu. Daktari amesema moyo umechoka. Alilisema kwa adabu, lakini mimi ni mwalimu mstaafu, najua sauti ya mtu ambaye ameshaona matokeo. Sitaweza kuingoja likizo yako.

Kwanza, asante. Ulifunga safari kutoka Njombe hadi Bariadi kuja kuniuguza, ukaniogesha kama mimi nilivyokuogesha, na hukuona kinyaa.

Unaikumbuka ile siku ulipotandaza karata juu ya shuka langu? Nje malori ya pamba yalikuwa yanapita kuelekea kiwandani, dirisha likitikisika.

"Hizi ni karata za taroti, mayu," ulisema. "Zipo sabini na nane."

"Uganga huo. Ondoa kabla mama mchungaji hajaingia."

"Akiingia atataka na yeye."

Nilicheka kwa upande mmoja wa mdomo, upande uliokuwa bado unacheka. Ukanieleza kwamba karata hazijui kesho. Ni picha tu: mtu anaitazama picha, kisha anajisikiliza. Halafu ukauliza, "Haya, mayu, una swali gani?"

Nikanyamaza. Ukasubiri, nami nikazidi kunyamaza.

"Mayu?"

"Mimi ndiye nikuambie? Mwenye karata ni wewe. Sema kilichonileta."

"Kilichokuleta wapi, na kitanda ni chako!" Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Ulidhani natania. Mwanangu, sikuwa natania. Kwetu Dutwa, nilikokulia, anayempelekea mfumu kifaranga ili ampigie ramli hasemi shida yake. Mfumu anakipasua kifaranga, anasoma ndani yake, na ni kazi yake kugundua umefuata nini. Ukisema mwenyewe, utajuaje kama kweli anaona? Hilo lilibaki ndani yangu, chini ya vyeti vyote na nyimbo zote za kwaya.

Ulinifundisha taratibu. Karata moja kila asubuhi. Nisikimbilie kitabu cha maelezo, nijiulize kwanza jicho limetua wapi. Nisiulize, "Je, nitapona?" Niulize, "Leo nibebe nini, na nini nikitue?" Kisha niandike mistari mitatu, basi. Na siku ya kuondoka, begi likiwa tayari begani, uliongeza jambo moja: "Swali lenye mwenyewe, mayu, mpelekee mwenyewe. Usiulize karata kilicho moyoni mwa mtu unayeweza kumpigia simu."

Nimefuata yote, isipokuwa hilo la mwisho.

Daftari limekaribia kujaa. Ukurasa wa kwanza ni ile karata ya mwanamke anayemfumba simba mdomo kwa mikono mitupu. Niliandika: "Huyu ni Kabula na kijiko cha uji. Simba ni mimi." Nilicheka peke yangu hadi jirani akaja kuchungulia.

Wiki hii nimetoa ile ya Wapenzi. Mwanamume na mwanamke wamesimama, na juu yao malaika amenyoosha mikono. Wewe ungesema anawabariki. Mimi jicho langu lilitua kwenye ile mikono, nikaona inawatenganisha, na ule uso juu ya mikono nikaona ni wangu.

Unajua namsema nani. Hamisi, yule bwana mifugo wa Mwandoya, mtu wa Lindi, aliyewaleta wazee wake hapa sebuleni wakiwa na vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Niliwakatalia. Nikakuambia, "Kijana sina neno naye, ila dini." Ulilia, ukatii.

Haikuwa dini, Kabula.

Wiki moja kabla ya wazee wale kufika, mimi, mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, niliyekuwa nikiwaonya wanafunzi wangu juu ya ramli, nilificha kifaranga ndani ya kitenge nikapanda basi kwenda Lalago, ambako sikujulikana. Niliketi mbele ya mfumu bila kusema neno. Alikitazama kifaranga. Sasa naamini alinitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Akasema, "Mayu, kuna mtu anakuja kukutolea kitu nyumbani. Kikitoka, hakirudi."

Baba yako alikuwa ameshatutoka. Ndani ya nyumba hii tulikuwa wawili, mimi na wewe.

Miaka yote nilijiambia kwamba kifaranga kilisema kweli, kwamba nilikuokoa. Ilibidi uje na karata zako ndipo nielewe kwamba yule mzee alisoma hofu yangu usoni. Nilikwenda Lalago na jibu langu mfukoni, nikataka tu mtu mwingine alitamke, ili lisiwe langu. Hamisi alihamishwa, akaoa huko. Wewe hukuolewa. Na bado ulikuja, ukanipozea uji.

Ndiyo maana shukrani yangu ni kubwa kuliko ya mgonjwa kwa muuguzi wake. Ungenibana nikiri, ningenyamaza, hilo nalijua. Picha haikunibana. Ilikaa tu mapajani mwangu hadi mimi mwenyewe nikachoka kuikimbia.

Leo asubuhi nilizichanganya karata kwa mkono wa kushoto, kisha nikazifunga kwenye kitambaa chake bila kutoa hata moja. Swali nililonalo lina mwenyewe. Siku ile uliniuliza, ukasubiri, nikakunyima. Lipokee sasa, hata kama jibu lake ni hapana: Kabula, utanisamehe?

Simu iko hapa kitini, upande wa mkono unaofanya kazi.

Mimi mama yako, niliyesema mwenyewe kilichonileta.