Ng'ombe Waliozuiwa Nje ya Bandari

Mayu, mama yangu,

Mwadila, Mayu! Nakuamkia kutoka katikati ya maji, mimi mwanao Jilala, mzima wa mwili. Magoti yako yanaendeleaje? Na pamba mmeshaitoa shambani, au baba bado anabishana na mvua?

Waambie wale wa Nkololo wanaosema niliishia darasa la saba: leo mimi ndiye bwana mifugo wa meli nzima. Cheo nimejipa mwenyewe, lakini hakuna aliyepinga. Nahodha wetu hajui hata ng'ombe akihara apewe nini.

Sasa habari zenyewe. Tumeleta ng'ombe katika nchi ambayo jina silitaji, barua isije ikafunguliwa njiani. Wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Serikali imeona kuwafuata waasi ndani ya mji wao ni kazi, basi imepanga manowari mbele ya bandari: hakiingii chakula, haitoki hata ngalawa. Ni kama mtu akae na bunduki kwenye lambo letu kiangazi, aseme ng'ombe wa upande ule wasinywe. Hana haja ya kumpiga mtu. Anangoja tu. Mji tunauona kwa macho, Mayu, ila moshi wa kupikia hatuuoni.

Wiki iliyopita askari wa manowari hizo walipanda melini kwetu kukagua. Ofisa wao akaniuliza, "Mchungaji, ng'ombe wangapi?"

Unanijua. Nani wa kwetu anataja idadi ya ng'ombe kwa mdomo, wakapate mkosi? Nikacheka, nikamjibu kwa Kiarabu changu cha zizini, "Wapo wapo tu, mkubwa."

"Wapo tu?"

"Wachache. Mungu anasaidia."

Akaitazama karatasi ya nahodha, akanitazama mimi. Hakucheka. Karatasi ilisema mia nane.

"Kama ni wachache, wengine mmewashushia waasi wapi?"

Tangu hapo tumeshikiliwa. Maji yanaisha. Ng'ombe wanakufa kwa kiu, tunawatupa baharini, na kila tunayemtupa anazidi kutuweka mbali na ile mia nane. Kesho wanarudi kuwahesabu. Nahodha kaninyooshea kidole: "Mdomo ulioharibu ndio utakaojibu."

Barua hii anakuletea mpishi wetu, mtu wa Tanga. Anaumwa, wamekubali kumshusha. Mlisheni vizuri, na msimuulize mengi mbele ya baba.

Nisalimie baba, mkuu wa zizi. Dada Kabula, fundi cherehani wa Nyashimo. Na mjomba Shija, mwalimu wa kwaya, aniombee kwa sauti zote nne. Mke wangu Minza mwambie nimenenepa.

Mayu, nilikuwa nafunga bahasha, nimeifungua tena. Meli zote zilizotia nanga jirani yetu zimeamriwa na manowari zisogee mbali. Sisi tumeambiwa tubaki hapa hapa.

Mwanao anayekupenda kuliko ng'ombe wote,
Jilala