Nilivyokikataa Kisanduku cha Wazee

418 Mtaa wa Birch,
Duluth, Minnesota.
9 Machi 2014

Mpendwa mdogo wangu Aili,

Pokea salamu zangu za baridi, maana za joto sina. Theluji ingali imefika dirishani, na gari langu limegoma kuwaka tangu Jumanne. Hujambo wewe huko Arizona? Nyonga inaendeleaje tangu ulipoanguka bafuni? Usingizi unaupata? Mumeo bado anakupikia, au amerudia kufungua makopo?

Mimi sijambo, ila goti la kulia ni lile lile. Tarehe ishirini na tano watalipasua na kunitia la chuma, na daktari amekwisha kutoa hukumu yake: baada ya hapo, barafu niitazame tu nikiwa nimekaa.

Kwa hiyo jana Jumamosi ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Miaka kumi na moja nimekuwa nikifanya mitihani ya dansi ya kuteleza juu ya barafu, dansi moja baada ya nyingine, na ilibaki moja tu nimalize daraja langu, ile iitwayo Hatua Kumi na Nne. Niliitaka, Aili. Sijataka kitu hivyo tangu nilipostaafu posta.

Siku ya mtihani klabu yetu huwa kichekesho. Wanawake wa miaka sabini wamejipachika mapambo ya kumetameta mpaka kwapani, wengine hawawezi kurudi nyuma hatua tatu bila kushika ukuta, lakini nywele wamezipuliza dawa zikasimama. Na waamuzi watatu! Wanakaa wamejifunika mablanketi, wanalishwa viazi vya kuoka na keki za vipande kutwa nzima, eti wakishiba watakuwa na huruma. Ukishindwa hawakwambii umeshindwa. Wanaandika "jaribu tena", kama kwamba sote ni watoto wa chekechea.

Mwenzangu wa dansi ni Harlan Sundquist, yule daktari wa meno mstaafu niliyewahi kukuandikia. Mgongo wake ni ubao wa kupigia pasi. Huhesabu hatua kwa sauti, na mguu wake wa kushoto huburuzika nyuma kama mkia. Miaka saba nimemvuta mtu huyu kuzunguka uwanja, na bado kwenye kona hunikanyaga.

Sasa nisikilize vizuri. Kwenye fomu ya mtihani kuna visanduku viwili. Kimoja ni cha kiwango cha kawaida, cha pili ni cha waliovuka hamsini, ambao alama ya kupita hushushwa kidogo. Harlan alitia tiki hicho cha pili bila haya. Fomu yangu aliijaza Marlys, katibu wetu, naye akanitilia tiki hapo hapo. Nilichukua kalamu nikaifuta mbele yake, nikatia tiki kile cha kwanza.

"We Verna, umri wako unaujua lakini?" akaniuliza.

"Umri wangu naujua. Adabu zako ndizo sizijui."

"Haya mama. Ila Harlan kapita dansi tatu kwa njia hiyo, na hajafa."

"Harlan hana aibu," nikamwambia. "Mimi sihitaji kupunguziwa."

Wanawake waliokuwa wakifunga viatu wakatazamana. Nami nikatoka pale nimeinua kidevu, nikiwadharau wote.

Tukaingia kwenye barafu. Dansi hii huchezwa kwa mwendo wa bendi ya jeshi, na mimi na Harlan tulipimwa kwa pamoja, kila mmoja na karatasi yake. Goti lilinichoma kwenye kila kona lakini sikulitii. Niliegemea makali ya chuma ya viatu vyangu vizuri, nikageuka kwa wakati, nikambeba Harlan pale aliposahau. Yeye alikuwa akinong'ona masikioni mwangu, "moja, mbili, moja, mbili." Tulipomaliza, hata mashine ya kulainisha barafu ilichelewa kuingia kwa sababu dereva wake alikuwa akipiga makofi.

Karatasi zikatoka. Harlan amepita. Mimi, waamuzi wawili kati ya watatu wameandika "jaribu tena", nimepungukiwa sehemu moja ya kumi ya alama. Na karatasi zetu tuliziweka pamoja mezani, Aili: alama zangu zilikuwa juu ya zake kwa waamuzi wote watatu. Kwa kiwango cha wazee ningepita bila shida.

Kujaribu tena mpaka zipite siku ishirini na nane. Upasuaji uko baada ya siku kumi na sita, na daktari hakubali kuusogeza. Basi, imekwisha.

Harlan alinijia na karatasi yake ameikunja mfukoni, haonyeshi mtu. "Bibie, si wewe ndiye ulonivusha? Mi nilikuwa nahesabu tu."

"Basi hesabu mpaka nyumbani," nikamjibu, nikaondoka bila hata kumpa mkono. Marlys alinirudisha kwa gari lake, nami nililia njia nzima, yeye akijifanya anaangalia barabara. Nyani haoni kundule. Watu wale niliowacheka walikubali kuwa na umri wao, wakapita. Mimi nilidansi vizuri sana kwa mwanamke wa miaka sitini na sita, kisha nikakataa kuwa mwanamke wa miaka sitini na sita. Leo baada ya ibada nimekwenda kwa Harlan kumwomba radhi, akanipa kahawa mbaya.

Barua hii hasa nilikusudia kukutukana. Mwanao Joanne amenipigia simu kwamba fimbo uliyopewa na daktari umeitia kabatini, nyuma ya makoti, kwa sababu eti majirani wataona. Nilikuwa nimekuandalia maneno makali, lakini tangu jana haki ya kuyasema sina.

Nisalimie mumeo Curtis, mwanao Joanne na wajukuu. Mungu akulinde, mdogo wangu, na pale atakapochelewa, shika fimbo.

Dada yako akupendaye, na mjinga mwenzio,
Verna