Tableti ya Kituo cha Maji

Jumatatu

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Kwa heshima na taadhima natangaza: baba yako, fundi viatu anayeshindwa hata kurekebisha saa ya ukutani, leo ameingia duka la tableti za mtumba na kutoka bila kufukuzwa. Flashi uliyoniachia ninayo. Nitazame nini?

Baba

Jumanne

Shikamoo baba,

Sijambo, pole na mgongo. Usitazame urembo. Tafuta ya bei nafuu, yenye prosesa ya kompyuta, si ya simu. Chomeka flashi, mfumo wake wa Linux ukiwaka, gusa kioo. Kisipoitikia, iache, maana huku kituoni sina kibodi. Kompyuta yangu imekufa, na programu ya kupima maji haikubali kitu kingine ila Linux. Wakaguzi wanakuja Ijumaa. Wakikosa vipimo, kazi yangu anapewa mwingine. Ukiipata, mpe dereva wa basi la Alhamisi aniletee, tafadhali.

Binti yako

Jumatano

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimekagua tatu. Moja ina prosesa ya simu. Nyingine imeikataa flashi. Ya tatu Linux imewaka vizuri, bei ya kuchekesha, lakini kioo kiziwi. Nimeiacha. Muuzaji kaniambia, "Mzee, una mkosi." Nikamjibu mkosi ni wa mwenye mali isiyouzika.

Baba

Alhamisi jioni

Baba, shikamoo. Dereva anasema hakupewa kitu. Simu yako haipatikani. Msimamizi ameshaniomba funguo za ofisi. Uko salama?

Binti yako

Ijumaa asubuhi

Mwanangu,

Leo ni karatasi, simu yangu ya vitufe imeisha chaji. Hali yako sikuulizi, nitaiona mwenyewe.

Ukweli ni huu. Jana nilirudi kuomba hata ile kiziwi. Muuzaji akaigusa, ikafunguka. Nikagusa mimi, kimya. Akanishika mkono, akaugeuza. "Mzee, soli unazibandika kwa vidole?" Ndiyo, mwanangu. Ncha zote zimevaa gundi iliyokauka, ngumu kuliko kisigino. Kioo kilikuwa kizima tangu mwanzo. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuzia kwa bei ileile. Basi lilikuwa limeshaondoka, nikapanda lori la saruji.

Nipo getini kwenu. Nimemtuma mlinzi na karatasi hii kwa sababu ningekusimulia ana kwa ana, ungecheka kabla sijamaliza, na muda hatuna. Wakaguzi wanashuka garini sasa hivi. Pitia mlango wa nyuma uje uichukue kwangu. Mmoja wao kiatu kimeachama, nitamkalisha hapa nimshonee taratibu sana.

Baba